Kiyoyozi cha Watu Wawili

Mwenye duka alitutazama mimi na mabukwe, akamtazama mtoto aliyelala mgongoni mwangu, shingo imejaa vipele, kisha akauliza swali nililodhani ni la kawaida tu.

"Mu chumba munalalaka bantu ngapi?"

"Bawili," nikasema.

"Batatu," akasema mabukwe.

Tulisema kwa pamoja. Mwenye duka, mama wa Bukavu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Muelewane kwanza," akasema. "Mimi siuzishake klimatizeri ya kubahatisha."

Mabukwe, huku kwetu, ni mama wa mume. Wangu anakaa Cyangugu, karibu na ziwa, na alikuwa ameshuka Bugarama kunisaidia na mtoto. Asubuhi hiyo tulikuwa tumepanda pamoja mpaka Kamembe kununua kiyoyozi, kile ambacho huku kila mtu anakiita klimatizeri. Nilikuwa na hasira tangu tulipotoka nyumbani. Nisidanganye: nilikuwa na hasira tangu mtoto yule hajazaliwa.

Watu wakisikia Rusizi, wilaya yetu, wanawaza ziwa, upepo, sambaza za Nkombo, vile visamaki, zimetandazwa juani. Sisi hatuko huko. Sisi tuko chini, Bugarama, kwenye mipunga, mahali ambapo bati likishika jua asubuhi linakurudishia moto wake mpaka umelala. Mimi nililelewa Bukavu, nikazoea blanketi. Wazazi waliporudi Rwanda nikasoma sekondari Cyangugu, na huko pia nilikuwa nakaa na sweta darasani mpaka mapumziko. Kisha nikampenda fundi umeme aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Bugarama. Hakuna aliyeniuliza kama naweza joto.

Nyumba aliijenga mwenyewe, jioni baada ya kazi na siku za Jumamosi. Juu ya kila dirisha aliacha matundu ya hewa, akayapanga kama ua, na akanisimamisha chini yake nisikie. "Upepo wa mto utapita hapa," alisema. Ukapita kweli. Mwaka wetu wa kwanza tulilala dirisha wazi, chandarua kikivimba na kunywea, shuka imeanguka chini. Joto likizidi alikuwa akilowesha kitenge changu, anakikamua, anakilaza juu ya miguu yetu minne. Kikikauka anaamka kukilowesha tena. Hakuwahi kulalamika kuamka. Mimi nilikuwa najifanya nimelala ili niisikie ile baridi ya kwanza inapogusa magoti.

Kisha kiwanda kikapunguza watu, naye akaenda Kolwezi, kwenye migodi ya Kongo, nikiwa na mimba kubwa. Nitarudi kabla hajazaliwa, alisema. Akazaliwa. Nitarudi kabla hajaota meno. Akaota, akaniuma. Nitarudi kabla hajatembea. Siku ile tuliyokuwa dukani, mtoto alikuwa tayari anazunguka nyumba nzima akishika ukuta.

Kolwezi wanalala ndani ya kontena, na kila kontena lina kiyoyozi. Mara ya kwanza alipiga simu akiwa na furaha kama amepata cheo.

"Sheri, huku tunalala na blanketi!"

"Na mimi huku ninalala na nini?"

Alicheka. Mimi sikucheka.

Vipele vilianza shingoni mwa mtoto, vikaenda kwapani, vikaingia kwenye mikunjo ya mapaja. Muuguzi wa kituo cha afya alisema ni joto, tumwache mwili wazi, tumpunguzie moto. Lakini mabukwe ni mtu wa ziwani. Kwake mtoto asiye na kofia ni mtoto anayetafutiwa homa ya mapafu. Mimi namvua, yeye anamvalisha. Naenda kuteka maji, narudi, mtoto ana soksi.

"Mama, iko moto!"

"Moto haiuwake mutoto. Baridi njo inaua."

"Angalia shingo yake!"

"Shingo ni ngozi. Mapafu je?"

Baba yake aliviona vipele kwenye simu, siku nilipomgeuza mtoto mbele ya kamera bila kumwonya. Akasema, "Nitatuma pesa ya klimatizeri."

"Njoo wewe umpepee."

"Mimi si klimatizeri, sheri."

"Najua. Klimatizeri ingekuwa imeshafika."

Ndivyo tulivyofika dukani kwa yule mama. Na niseme ukweli, alijua kuuza. Alitutembeza kati ya maboksi kama mtu anayetuonyesha watoto wake, huyu mwema, huyu mkaidi.

Ya kwanza ilikuwa boksi moja zito la kukaa dirishani. "Hii inapiga kelele kama kamiyo ya kubeba mafuta," alisema. "Na mwizi anaisukuma ndani, anapita mu nafasi yake, anakusalimia." Ya pili ilikuwa ile inayowekewa maji. Mabukwe aliipenda kwa sababu haikuonekana kali. Mwenye duka akamzuia kwa mkono. "Bugarama? Mu mipunga? Unaongeza maji juu ya maji? Utaotesha muchele mu kitanda, Mama." Ya tatu ilikuwa na magurudumu na bomba nene la kutolea hewa moto dirishani. Ya nne ilikuwa ya vipande viwili, kimoja kinakaa ndani juu ukutani, kingine kinakaa nje, na ukuta unatobolewa ili vishikane.

"Hii ya vipande viwili ni ya muntu mwenye kubakia," alisema. "Ukishaitia, imetiwa. Ya magurudumu ni ya mupangaji. Leo hapa, kesho kule."

Mume wangu alikuwa ameshaniandikia tangu asubuhi: chukua ya magurudumu. Hakusema kwa nini.

Lakini kabla ya aina kulikuwa na ukubwa, na kwenye ukubwa ndipo tuligombana. Nilimtajia mwenye duka urefu wa chumba, upana, bati lisilo na plafo, yaani dari, nzuri, dirisha linalotazama magharibi. Akauliza watu. Nikamwuliza watu wanahusu nini, tunanunua ya chumba.

"Muntu ni jiko," akasema. "Amelala, lakini anatoa moto. Nikikupa ya bantu bawili na mukalala batatu, itatumika bila kupumzika mpaka ife. Nikikupa ya bantu mingi na mukalala bawili, itapiga baridi mbio, itazimika, itawaka, itazimika, na chumba itabakia majimaji. Donc, ni bangapi?"

"Bawili. Mimi na mutoto."

"Batatu," mabukwe akarudia. "Na bwana yake."

"Bwana iko wapi?"

"Kolwezi."

"Analala Kolwezi?"

"Analala kwake," akasema mabukwe, akiinua kidevu. "Kolwezi anatumika kazi tu."

Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyekuja kununua waya. Alikuwa amesimama hapo muda mrefu, waya umeshafungwa, haondoki.

"Mama, kama anakujaka Noeli tu, mumuhesabu nusu."

"Nusu gani?" nikamwuliza.

Duka lote likacheka, mpaka mwenye duka akavua miwani kufuta macho. Mimi nilikuwa nimeuliza kwa hasira, siyo kwa mzaha, lakini hasira yangu watu wengi wanaidhania mzaha. Nimeshazoea.

Mabukwe hakucheka. Alinivuta kwa kiwiko mpaka nyuma ya mafriji, mahali tulipoonana sura zetu kwenye mlango unaong'aa, yeye mfupi, mimi mrefu na kichwa cha mtoto kikichungulia begani.

"Mukazana," akasema, kama huku mama anavyomwita mke wa mwanawe, "usiseme bawili."

"Ni bawili, Mama."

"Ukisema bawili, umemutosha, umemutoa mu nyumba. Muntu akiwa mu safari hawamutoshake. Papa yangu alipoenda kutumika Katanga, mama hakupunguza ugali. Alipikaka ileile, ya ukubwa uleule. Kila siku."

"Alirudi?"

Akamfuta mtoto jasho ambalo halikuwepo. Kamembe hakuna joto la kumtoa mtu jasho.

"Ugali haikupotea," akasema. "Tuliikulaka."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpigia kelele. Nilitoa simu nikampigia mwanawe, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kubeba maneno kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, niliweka sauti kubwa.

"Niko dukani. Wananiuliza tunalala wangapi."

"Si nilikuandikia? Ile ya magurudumu. Hata tukihama, utaibeba."

"Tukihama tunaenda wapi?"

"Sijui. Maisha ni maisha."

"Nije Kolwezi?"

"Hapana, sheri, huku si mahali pa mtoto."

"Basi sihami. Sijauliza magurudumu. Nimeuliza watu. Nikuhesabu ao nisikuhesabu?"

Akauliza kwa sauti ya chini, "Kuko bantu hapo?"

"Wako. Na mama yako."

Nilisikia akivuta pumzi. Yule wa waya aliinamisha kichwa akaanza kusoma maandishi ya boksi kama ana mtihani.

"Nilitaka kukuambia vizuri," akasema. "Nimesaini kontra ingine ya kazi."

"Lini?"

"Imeshasainiwa, sheri."

"Mimi niko mbele ya mashine. Nikuhesabu ao nisikuhesabu?"

"Usinihesabu," akasema. Halafu, haraka, "Kwa sasa."

"Hawauzi ya kwa sasa," nikamwambia, nikakata.

Mabukwe alifungua mlango wa friji moja tupu, akaangalia ndani, akaufunga polepole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Hata yeye hakuwa anajua. Nilikuwa nimemshuku njia nzima kwamba kuna jambo analijua na ananificha.

"Nipe ya bawili," nikamwambia mwenye duka. "Ya vipande viwili. Ya kutoboa ukuta."

Fundi alikuja kutoka Gashonga na pikipiki, akakaa asubuhi nzima. Alitoboa, akapitisha mabomba, akafunga kipande cha nje juu ya vyuma viwili. Kisha akanyosha kidole juu ya dirisha, kwenye matundu.

"Haya lazima yafungwe. Ukiacha, unapoza Bugarama yote."

Nilijua. Nilikuwa nimelijua hilo tangu dukani na nilikuwa nimelisukuma mbali. Fundi akakoroga simenti, nikamwambia anipe mwiko, kazi hiyo ni yangu. Alishangaa lakini akanipa. Nikapanda kiti, mabukwe akakishika miguu, nikaanza kuziba lile ua tundu moja moja. Sijawahi kushika mwiko maishani. Simenti iliangukia kitambaa changu cha kichwa, ikaingia kwenye jicho.

"Acha moja," mabukwe akasema kutoka chini.

"Mashine haitaki."

"Hata moja kadogo, mukazana."

Nikaziba yote. Nilipoteremka, ukuta ulikuwa na kovu la kijivu, na nilikuwa nimesaga meno mpaka taya zinauma.

Tukawasha. Mtoto alilala mchana wote bila kugeuka, mdomo wazi, mikono juu ya kichwa kama mtu aliyekamatwa na polisi. Baada ya siku chache shingo yake ilikauka, ikabanduka ngozi nyembamba kama ya kitunguu, chini yake kukawa kumepona. Nilifurahi. Na niliichukia ile mashine kwa jinsi ilivyojua kazi yake. Ilifanya bila maneno, bila kontra, kitu nilichokuwa nikimwomba mtu akifanye.

Ila kuna jambo halikuwa limeandikwa kwenye boksi lolote dukani. Kwenye joto hutaki mtu akuguse. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nikilala nimetawanyika kama nguo iliyoanikwa, na nikimkumbuka, joto linanisaidia. Najiambia hata angekuwepo ningemsukuma aende kule ukutani. Baridi ikaniondolea kisingizio. Nilitoa blanketi la Bukavu kwenye sanduku, linanuka dawa ya nondo, nikajifunika Bugarama, na mgongo wangu ukaanza kutafuta mgongo mwingine. Hivyo tu. Mgongo hauna akili, haujui kusaini. Nilikuwa naamka nikiwa nimesogea mpaka upande wake, shuka ya huko baridi kama sahani, na mtoto nimemwacha peke yake nyuma. Namvuta. Nafunga macho. Nasogea tena.

Kisha likaja suala la mlango.

Huku kwetu mlango wa mbele haufungwi mchana. Unaning'iniza rido, pazia jepesi, mlangoni, upepo unaichezesha, jirani anaisogeza kwa mkono mmoja anaingia. Nyumba iliyofungwa mchana ni nyumba yenye msiba, au yenye nyama isiyotosha wageni, au yenye mume na mke. Klimatizeri nayo haitaki rido, inataka mbao. Na nyumba yetu ni ndogo. Mlango wa chumba chetu unatazamana na wa mbele, ukifungua mmoja baridi yote inatoka kusalimia barabara.

Siku ya kwanza jirani alikuja kuomba kiberiti. Akagonga. Nikafungua kidogo, nimejitanda blanketi mabegani. Akatazama blanketi. Akatazama jua. Akanyosha shingo kuangalia nyuma yangu.

"Eh! Mumefunga saa nane ya muchana? Kuko mugeni?"

"Kuko mutoto amelala."

"Mutoto," akasema, kama mtu anayeonja mboga akakuta haina chumvi.

Kesho yake kwenye bomba la maji mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika, bila kumtazama mtu, kama ni kweli kuna mwanamke anayesikia baridi Bugarama na mume wake yuko Kolwezi. Niliweka jerikani chini nikamwambia aje, nyumba iko wazi, apime mwenyewe, na akimaliza kupima klimatizeri apime na ulimi wake. Maneno mengine niliyosema siyaandiki. Nilirudi nyumbani nusu ya maji imemwagika.

Mabukwe alinisikiliza mpaka mwisho, huku anachambua maharage. Kisha akasimama, akachukua mkeka wake, akatoka nje, akautandika mbele kabisa ya mlango. Akakaa. Akavuta ungo mapajani.

"Funga," akasema.

"Mama, unafanya nini?"

"Bakiniona hapa, banajua ndani iko nani. Funga, baridi inatoka."

Ndivyo tulivyoishi. Kila mchana mimi na mtoto ndani kwenye baridi, na mama wa mume wangu nje kwenye mkeka, akifuata kivuli cha paa kinavyosogea, akinilindia jina. Na alikuwa hakai kimya. Nilimsikia kupitia mbao akimsalimia kila anayepita kabla hajasalimiwa. "Tuko! Mukazana analaza mutoto! Ni klimatizeri, ndiyo, mwanangu alituma! Karibu ukae!" Wakikaa, anawaeleza vipande viwili, kimoja ndani, kingine nje, anawaonyesha kile cha nje kinachovuma na kudondosha maji, anawapa mkono waushike upepo wake wa moto. Baada ya muda wanawake walizoea. Walianza kuja wenyewe na kazi zao, wakakaa naye.

Nilimwambia aingie. Nilimwambia kwa upole, nilimwambia kwa ukali.

"Nikiingia, nani atakaa inje?"

"Utakufa na joto hapo!"

"Mimi sisikiake moto."

Lakini sweta alikuwa ameivua. Ilikuwa imekunjwa chini ya goti lake, na jasho lilikuwa linatiririka nyuma ya masikio yake mpaka kwenye kola.

Mume wangu alikuja kwenye konje, likizo yake fupi, kiangazi, na begi kubwa na vumbi jekundu kwenye mishono ya viatu. Tulipomwuliza mtoto papa yuko wapi, kama tulivyozoea kumwuliza, alinyosha kidole kwenye simu iliyokuwa mezani. Mtu mzima yule alisimama katikati ya sebule yake amebeba mwanasesere, akaangalia simu, akaangalia mtoto. Sikumsaidia. Nilitaka kidole hicho kikae ndani yake kidogo.

Jumapili tulitoka kanisani tukala, mabukwe akachukua mkeka wake akaenda nje ingawa siku hiyo hapakuwa na haja. Tulilala watatu, mtoto katikati. Kwa kawaida mashine ikishafikisha baridi hunyamaza, hupumzika, kisha huanza tena. Siku hiyo haikunyamaza. Ilivuma, ikavuma. Chumba kikabaki vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Yeye ni fundi umeme. Nilimwona anasikiliza, macho kwenye dari.

"Haipumzike," akasema.

"Ndiyo."

Aliamka, akaweka kiganja mbele ya mabawa ya mashine. Akatazama juu ya dirisha.

"Nani aliziba matundu?"

"Mimi."

"Kazi mubaya."

"Najua. Fundi wa nyumba hakuwepo."

Akaguna. Akapapasa lile kovu la simenti kwa kidole, akabandua kipande kilicholegea, akakishika tu mkononi, hajui akiweke wapi.

"Ulichukua ndogo, sheri."

"Ulisema nisikuhesabu."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo. Shati lilikuwa limelowa, akalivua. Kati ya mabega yake jasho lilikusanyika tone, likajaza, likashuka kwenye uti wa mgongo polepole mpaka kwenye mkanda. Nililitazama kama mtu mwenye kiu anavyotazama maji ya mwenzake. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa nataka kuweka uso wangu pale pale.

"Zima," nikamwambia.

"Mutoto je?"

"Zima. Fungua dirisha."

Akazima. Akafungua. Joto la Bugarama likaingia lote mara moja, na kelele za nje, kuku, pikipiki, wanawake wa mkekani. Nikamsikia mabukwe akimwambia mtu kwa sauti ya kanisani, "Leo mulango imefungwa na bwana iko ndani! Pita, pita, usigonge!"

Mume wangu alicheka mpaka kitanda kikatikisika, na mimi nikacheka, nikiwa nimeapa kutocheka naye mpaka aondoke. Tukalala vile. Tulilowa. Mtoto tulimvua yote, akatambaa bila kuamka vizuri, akapanda tumbo la baba yake, akaweka shavu juu ya nywele za kifua, akakoroma. Baba hakuthubutu kumgusa. Aliinua mikono yake pembeni kama mtu aliyeshikiwa bunduki.

"Kule klimatizeri ikizimika siwezi kulala," akasema. "Ikiwaka, nasikia baridi. Naweka muto nyuma ya mugongo."

Ningemjibu hilo ningelia, na sikutaka aondoke na machozi yangu kama zawadi.

"Utarudi lini kabisa?" nikauliza.

"Kontra ikiisha."

"Ipi?"

Macho yake yalikuwa yamefungwa. Sijui alikuwa amelala au alikuwa ameona hapo ndipo pa kujificha.

Aliondoka wiki hiyo. Tulimsindikiza mpaka Kamembe, akashuka kwenda mpakani na begi lake, na mabukwe akasimama pale anapunga mkono muda mrefu baada ya mtu wa kupungiwa kuisha.

Tuliporudi Bugarama sikuwasha mashine. Nililaza mtoto nikafunga mlango, nikafunga na dirisha. Foronya yake ilikuwa bado kitandani. Ilikuwa na jasho lake, na sabuni ya Kolwezi nisiyoijua, na chini ya sabuni kulikuwa na yeye, yuleyule wa kitenge kilicholoweshwa. Na fundi alikuwa amenieleza jinsi mashine inavyofanya: inavuta hewa ya chumba, inaipitisha kwenye chujio, inairudisha, inaivuta tena, mpaka isibaki hata harufu ndani yake. Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda, natoka jasho, sitaki hata kujipepea.

Mabukwe aliingia bila kubisha, mkeka kwapani. Alisimama. Hakuuliza kwa nini haivumi. Alimwinamia mtoto akampapasa shingo.

"Vipele vinarudi."

"Naona."

"Washa."

"Kesho, Mama."

"Mukazana."

Nikatazama. Nyuma ya sikio la mwanangu palikuwa pamesimama vidoti vyekundu, vidogo, vipya kabisa. Nikaichukua rimoti. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia mwanawe na hakuna hata moja la kumwambia yeye.

"Ngoja," mabukwe akasema.

Akaweka mkeka chini. Akazunguka kitanda mpaka upande wa ukutani, akapiga goti moja kwa shida, akashika mto wa mwanawe kwa mikono miwili, akaweka uso wake juu yake. Alikaa hapo. Mabega yake yalipanda mara moja, polepole, yakashuka. Kisha akasimama akishikilia ukuta, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Sasa washa."

Nikabonyeza. Mashine ikatoa mlio wake mfupi, mabawa yakafunguka, na kabla baridi haijafika kitandani niliinama juu ya mtoto mpaka kwenye mto, nikavuta pumzi kadiri kifua kinavyoweza kubeba, nikaishika humo ndani mpaka nikashindwa.